Kaka Yetu na Diski Isiyokuwepo

Ndugu, majirani na marafiki, nimepewa kazi hii kwa sababu nina sauti ya dukani na inasikika hadi nyuma. Mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Wifi yangu ameniomba niandike kwa heshima na nisirefushe. Nitajitahidi. Niseme tu mapema kwamba tangu Jumanne nina ganzi mwili mzima, sisikii uchungu wala nini. Kwa hiyo mkiona nasoma kama mtu anayesoma bei za rangi, mniwie radhi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa marehemu baba yetu, karani wa mizigo katika stesheni ya reli, na marehemu mama yetu, mshonaji. Ingawa alikuwa wa tatu, nyumbani tulimwita Kwanza. Ukimwambia akuletee maji, alisema kwanza tuone kama ndoo ina kitu. Ukimwita mezani, kwanza aone kama chakula kimeiva. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu atazeeka kabla hajavaa kiatu cha pili.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumba za reli kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, kisha sekondari ya bweni hadi 1985. Hakuwa wa kwanza darasani, msidanganywe na watakaosimama baada yangu. Katika mtihani wa mwisho wa fizikia aliacha maswali mawili bila kuyagusa, kwa sababu kengele ilipolia bado alikuwa anakagua yale aliyokwisha kuyajibu. Baba alinuna wiki nzima. Hata hivyo alipata nafasi katika chuo cha ufundi, akasomea elektroniki, akahitimu mwaka 1989.

Mwaka 1990 aliajiriwa na kampuni iliyotengeneza mashine za kuchapa, na kompyuta zilipoingia maofisini akahamia kwenye kompyuta. Kuanzia 1999 alifanya kazi katika kampuni inayotunza mashine kubwa za kuhifadhi data, yale makabati yanayonguruma kwenye vyumba vya baridi, yenye diski zilizopangwa kama trei za mayai. Huko ndiko alikojifunza kuandika viendeshi. Kiendeshi ni ile sehemu ya programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na diski. Aliandika kimoja kwa ajili ya mfumo wa kompyuta ambao hauuzwi, unaoandikwa na watu wa nchi nyingi wasiojuana sura. Kila sehemu ya mfumo huo ina msimamizi wake, ambaye anaweza kukubali kazi yako au kukurudishia. Baba alipomuuliza hasa anafanya kazi gani, alijibu kwamba anaandika kitu kinachoongea na diski. Baba akauliza kama diski nayo hujibu. Kaka akasema, ikiwepo.

Tarehe 2 Desemba 1995 alifunga ndoa na wifi yangu, mwalimu wa hesabu. Siku hiyo mfungishaji ndoa alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, watu wote waliinamisha vichwa kama kawaida. Bwana harusi yeye aligeuka, akakagua safu moja baada ya nyingine, akaangalia na mlangoni, mpaka wifi alipomfinya. Kwenye picha ya siku ile anaonekana kisogo. Walijaliwa binti mmoja, ambaye leo ni karani katika duka la matairi.

Sasa nieleze jambo ambalo wengi wenu mlikuwa mnaulizana chini chini: kwa nini mgonjwa hakuachwa apumzike. Januari 2022 vidole vya mkono wake wa kulia vilianza kuangusha vikombe. Mwezi wa nne madaktari walisema ni mishipa ya fahamu, kwamba inakufa kidogo kidogo na haina dawa. Mwezi wa nane, akiwa bado anaweza kuandika kwa mkono wa kushoto, alipata barua pepe kutoka kwa fundi wa maabara moja ya vipimo, mtu ambaye hakuwahi kukutana naye.

Fundi yule alikuwa na diski mbovu. Alitaka kujua ni ipi, kwa hiyo akawasha ujumbe wa uchunguzi, yaani maneno ambayo kiendeshi hutoa hatua kwa hatua ili mtu ajue hitilafu iko wapi. Siku zote ujumbe huo huwa umezimwa, na huwashwa na mwenye shida tu. Alipouwasha na diski ile ikakatika mawasiliano, kompyuta nzima ilianguka, yaani ikagoma ikazimika. Akaiwasha tena, ikaanguka tena. Majibu ya wagonjwa yakachelewa, na mkuu wake akamfokea mbele ya watu kwamba hajui kazi.

Kaka alifungua programu ya kile kiendeshi chake, akakuta mistari inayotoa ujumbe. Ilikuwa kumi na moja, yote aliiandika yeye mwenyewe miaka ya nyuma. Kila mstari ulitaja jina la diski. Ili kulipata jina hilo, programu hufuata kielekezi, yaani anwani inayosema habari za diski ziko wapi. Diski ikishaondoka, anwani hiyo huwa tupu. Mistari ile haikuuliza kama kuna kitu. Ilikwenda tu, na palipokuwa hapana kitu mfumo wote ulianguka. Nilipomwambia kwamba sielewi, alisema ni kama tochi ambayo ukiiwasha utafute fyuzi, inakuzimia nyumba nzima. Mtu tuliyemwita Kwanza alikuwa amesahau kuuliza kwanza, tena mara kumi na moja. Nilimcheka. Yeye hakucheka.

Kuanzia siku ile alikuwa na haja moja tu, airekebishe mistari ile kabla mikono haijamwacha. Wenzake wa kazini walijitolea kuimaliza kwa niaba yake, akakataa. Ukaidi wake mnaujua. Wifi alikasirika, na alikuwa na haki. Saa chache alizokuwa na nguvu alizimalizia katika kile chumba kilichokuwa stoo, mbele ya kompyuta kuukuu iliyovuliwa ubavu. Siku moja wifi alimwambia mbele yangu, "Dunia imejaa watu wa kompyuta. Mimi nina mume mmoja."

Kaka akamjibu, "Yule fundi alifokewa kwa kosa langu, mama. Nimalizie hili, halafu nitakaa na wewe."

Wifi alitoka nje, akaanika nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kauka.

Machi 2023 alituma marekebisho ya kwanza. Yalirudi. Kaka alikuwa ameandika kwamba diski isipokuwepo, ujumbe ukae kimya na kazi iendelee. Msimamizi alimjibu kwa adabu kwamba kompyuta kweli haitaanguka, lakini mtu anayechunguza ndiye hasa anayehitaji kujua kwamba diski haipo. Asifichwe, aambiwe. Kaka alinuna kama baba alivyonuna kwa ile fizikia. Alisema msimamizi anajifanya mwalimu. Baada ya siku kadhaa alimwita binti yake chumbani, akamwambia waanze upya, kwa sababu yule bwana amesema kweli.

Wakati huo mikono yote miwili ilikuwa imelala. Binti alitoka dukani akinuka mpira wa matairi, akanawa, akakaa kwenye kibodi, na baba yake akamtajia herufi moja moja. Sauti nayo ilikuwa inafifia, kwa hiyo binti aliandika, akasoma alichoandika, akangoja baba akubali kwa kichwa. Jioni nyingine walimaliza mstari mmoja, jioni nyingine hakuna. Binti aliwahi kumwomba wairudishe ile kazi ya kimya, kwani ilikuwa fupi na haikuwa na madhara. Alimjibu kwa shida, neno kwa neno, "Ukinyamaza, anayetafuta atabaki anatafuta."

Alikuwa na utaratibu wake ambao hakuulegeza hata alipokuwa hawezi kushika kijiko. Hakukubali kutengeneza kitu kabla hajakiona kikiharibika. Kwa hiyo kwa kila mstari walianza na programu ya zamani, wakawasha ujumbe, na binti akachomoa diski huku mashine ikifanya kazi. Ikaanguka. Ndipo wakaweka programu mpya, wakachomoa tena. Mara ya kwanza binti aliogopa sana kuichomoa, alidhani itapiga shoti. Baba yake aliangua kicheko, cha mwisho ambacho mimi nilikisikia.

Jumatano tarehe 11 Oktoba 2023 walituma mistari yote kumi na moja. Kila siku baada ya hapo alimtazama binti anapoingia, na binti alitikisa kichwa kwamba bado. Ni hapo wifi alipompata mume wake. Alimhamishia kiti sebuleni, karibu na dirisha, na alikaa naye akisahihisha madaftari ya wanafunzi na kumsomea majibu ya ajabu.

Jumanne tarehe 17 Oktoba, saa nne asubuhi, wifi alikwenda jikoni kuzima jiko. Aliporudi, kaka alikuwa amekwisha kuondoka. Mimi nilikuwa dukani nachanganya rangi ya mteja. Simu ya kunipa habari ilipoisha nilimaliza kuichanganya, nikakandamiza kifuniko cha kopo, nikamwambia mteja aitikise kabla ya kuipaka, ndipo nikafunga duka. Sijui kwa nini nilimaliza. Niliona tu kwamba lazima kifuniko kikae sawa.

Tangu hapo nyumba imejaa watu na maneno laini. Ametutoka. Ametangulia. Amelala. Nayashukuru yote, na mimi pia nimeyasema, mlangoni na kwenye simu, mpaka yamekuwa kama kusema karibu na asante.

Alhamisi jibu la msimamizi lilifika, likiwa limeandikwa kwa kaka. Alisema kazi sasa ni nzuri. Aliuliza jambo moja tu: je, mwandishi amejaribu kuchomoa diski wakati inaandikwa data, na si wakati imetulia? Binti alisoma, akaniita nimsaidie kushika taa. Tukapita katikati ya wageni na sahani, tukaingia stooni. Aliwasha mashine, akawasha ujumbe, akaanzisha kunakili picha zote za familia kwenda kwenye diski ya pili. Zilipofika nusu, aliichomoa. Kwenye kioo ukatokea mstari, halafu mwingine, halafu mwingine, kila mmoja ukisema vilevile: diski haipo. Mashine ikaendelea kunguruma. Tulisimama pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha alikaa akamjibu msimamizi. Nilisimama nyuma yake nikisoma anavyoandika, na hakungoja mtu amkubalie kwa kichwa. Aliandika: "Baba hayupo. Alikufa Jumanne. Jaribio hilo nimelifanya mimi sasa hivi, data ikiwa inaandikwa. Mashine haikuanguka."

Jana asubuhi kazi ilipokelewa. Jina la kaka limewekwa kama mwandishi, la binti kama aliyejaribu. Msimamizi aliongeza pole ya mstari mmoja, na yule fundi wa maabara ameandikiwa.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, dada yetu mkubwa, kaka zetu wawili, na mimi. Binti ameniomba nisitumie yale maneno laini hapa mbele, na nimemwahidi.

Kaka yetu amekufa. Tumeambiwa, na sasa tunajua. Apumzike, na amani iwe yake.