Mstari wa Tano

Zimeni simu, wanangu, mkae upande huu wa kitanda nisilazimike kupaza sauti. Mwalimu wa kompyuta abaki hapo mlangoni, awe shahidi.

Mlicheka nilipojiandikisha darasani kwake na miaka yangu themanini na moja. Wewe mkubwa, msimamizi wa miradi, ulimwambia mbele yangu, “Mwalimu, huyu mwanzishe kwenye swichi ya taa.” Walimu wangu, enzi za wakoloni, walituchapa kwa kukiita kitu jina lisilo lake, kwa hiyo somo la kwanza halikunisumbua: prosesa hufanya hesabu, memori hushika kazi ya sasa na kuisahau umeme ukikatika, diski hutunza, kioo huonyesha tu. Nyinyi sanduku zima mnaliita sipiyu, yaani prosesa, kana kwamba ndani hamna diski. Ndiyo maana, mlipokwisha kupanga mambo yenu kwenye kompyuta yangu mkahofia nisije nikayasoma, mlibeba kioo, mkaliacha sanduku chini ya meza. Mwalimu akaniazima kioo chake.

Nikakuta mpango wa mradi, tena safi, siwezi kukunyima sifa: kila kazi na siku zake, kazi inayoitangulia, na mhusika. Kuvunja karakana, kuuza nyumba, kugawana, yote yakisubiri mstari wa tano: “Mzee kufariki, kabla ya tarehe ishirini na nane.” Mhusika: muuguzi.

Muuguzi ni wewe, binti yangu, unayenipa vidonge. Nilianza kuviangalia. Vilikuwa vitatu, kikabaki kimoja, nawe ukaniambia, “Baba, daktari kapunguza.” Nilimuuliza daktari. Hakupunguza.

Usilie, hujasikia ukurasa wa pili, ambao kaka yako hakukuonyesha. Humo fungu lako halimo. Umewekewa chumba cha uani, miezi mitatu, kisha utoke. Mtazame, anaangalia sakafu.

Sasa sikieni. Karatasi iko kwa mwanasheria, nimeitia saini nikiwa na akili zangu. Nyumba na karakana ni zenu wawili, haziuzwi wala hazigawanywi maadamu nyote mko hai. Atakayemzika mwenzake ndiye atakayemiliki peke yake. Mtaishi humu. Mtapikiana. Mmoja akiugua, mwingine atamuuguza...

Maji. Hapana, si wewe, binti yangu. Mwalimu, nipe wewe.

Nikifa, nizikeni kesho yake, bila hotuba. Kompyuta... ni ya mwalimu. Sogeeni, niwawekee mkono kichwani. Mungu awape... umri mrefu... nyote wawili... chini ya paa moja.