Mama wa Mtoto Ndiye Atakayesema

“Mdoli halii, hajikunji, hakukojolei. Sasa hapa nimfundishe nani nini?”

Hayo marehemu dada yetu alimwambia mkuu wa chuo mbele ya walimu wote, tarehe 3 Februari 1998, siku yalipoletwa masanduku matatu ya midoli ya kufundishia wataalamu wa mazoezi ya viungo. Mkuu akajibu kwamba wodi ya watoto imekataa wanafunzi, kwa kuwa mmoja wao alimvuta mtoto mguu kama anayevuta ndoo kisimani. “Basi kosa ni letu,” marehemu akasema. “Tunawafundisha kwa watu wazima, halafu tunawapa watoto. Mtoto si mtu mzima aliyefupishwa.” Akatoka, midoli akaiacha mezani. Tumeanzia hapo kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Kuzaliwa alizaliwa kabla ya hapo.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, wa kwanza kati ya watoto watano wa baba mshona viatu na mama mkulima. Aliingia shule ya msingi mwaka 1968, akafaulu kwenda sekondari ya bweni. Sisi wadogo zake tuliishia darasa la saba, na kila likizo alitukalisha chini kutuhesabia mifupa ya mwili. Tulimwambia, “Dada, mifupa tunayo, tuletee nyama.” Alimaliza chuo mwaka 1984, akafanya kazi hospitalini miaka minane, kisha akawa mwalimu.

Mwaka 1988 alimwagiza seremala kiti cha mtoto asiyeweza kukaza shingo. Kikaletwa, akakirudisha. Kikaletwa tena, akakirudisha. Seremala akasema, “Bibie, mtoto wako huyu ana mambo.” Akamjibu, “Mtoto hana mambo, kiti ndicho chenye mambo. Njoo umpime mwenyewe akiwa macho.” Akaja, akapima, akaendelea kuja hata pasipo kiti. Walifunga ndoa tarehe 20 Mei 1989, wakajaliwa mabinti wawili.

Baada ya ugomvi wa midoli, marehemu alikwenda kliniki kwa akina mama waliosubiri na watoto wao wenye viungo vilivyokakamaa, akapiga magoti. “Naomba watoto wenu dakika kumi tu, mkiwa mmewashika wenyewe. Mwanafunzi akikosea, nisuteni mimi.”

Mama mmoja akauliza, “Na sisi tutapata nini?”

“Mtatoa maksi.”

Wakacheka, lakini yeye hakuwa anatania. Tangu hapo mtihani wa mwisho ulifanyika sakafuni, juu ya godoro, na mama wa mtoto ndiye aliyesema huyu amepita au hajapita. Asiyepitishwa na mama, marehemu hakumsainia cheti, hata angekuja na wazee wa ukoo. Wodi ilifungua mlango mwaka uliofuata. Waliopita mikononi mwake ni mia mbili na kumi na saba, na wengi wako hapa leo.

Mwezi Oktoba 2023 alimfelisha binti wa mdogo wake mwenyewe. Kwenye karatasi binti alikuwa wa kwanza. Mama wa mtoto alisema, “Mikono yake mizuri, lakini hajamsemesha mwanangu hata salamu.” Mdogo wake, ndiye mimi ninayewasomea haya, alimfuata mpaka jikoni. “Damu yako mwenyewe unaifelisha?”

“Nikimpitisha kwa ajili ya damu, atakayeumia ni mtoto wa mwenzetu. Ila ananidai mtihani wa marudio. Nitamlipa.”

Tulinuniana miezi saba. Nani alikuwa na makosa msiulize, mnanijua.

Januari 2024 madaktari walisema moyo wake umetanuka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Alifariki tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na miwili. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, wadogo wanne na wanafunzi wasiohesabika kwa vidole.

Anayemdai ajitokeze. Sisi tunalijua deni moja. Chuo kilitaka mwalimu mwingine asimamie ule mtihani wa marudio, marehemu akakataa. Siku tano kabla ya kufariki alisukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi wodi ya watoto, mtungi wa oksijeni ukiburutwa nyuma. Binti akaketi kwenye godoro mbele ya mtoto wa miaka miwili aliyejificha kwenye khanga ya mama yake. Hakumgusa. “Hujambo, mkubwa? Mimi nimekuja kuomba mguu. Ukininyima, nitangoja.” Akangoja, kweli akangoja, mpaka sisi tuliosimama mlangoni tukachoka. Mwisho mguu mmoja ukatoka wenyewe. Wakafanya mazoezi yote.

Marehemu akamtazama mama wa mtoto. Mama akasema, “Huyu na kesho arudi.”

Dada yetu akatia saini, akamkabidhi binti karatasi. “Haya. Sasa hunidai.”

Mungu ampumzishe kwa amani. Hadaiwi.