Sauti Niliyoificha

Shikamooni wazee wangu. Vijana, poleni na kazi. Nimeombwa niseme kwa ufupi, ila mniwie radhi nikikwama.

Mnanijua mimi wa hapa Bugene, fundi wa sauti kwenye filamu. Jambo msilolijua ni kwamba sikio langu la kulia halisikii. Lilianza kuvuma, likaishia kufa kabisa, nami nikaficha. Fundi wa sauti asiyesikia, waitu, ndugu zangu, nani atampa kazi?

Tulikuwa tunarekodi filamu kule Kamuli, kwenye kibanja cha mtu, katikati ya migomba. Mwigizaji, mama mmoja, alikuwa amelala mkekani kama mgonjwa. Mimi nilisimama karibu yake. Mwongozaji alikuwa nyuma ya nyumba, akitazama kwenye skrini. Nikavua visikilizio kufuta jasho. Upepo ukasukuma nguzo ya taa ya filamu, ikamwangukia yule mama, mkono ukavunjika.

Mwongozaji akaja mbio. Fundi wa taa akamwambia, "Nilipiga kelele. Huyu alikuwa karibu, angemvuta."

Mwongozaji akanigeukia. "Alipiga kelele?"

Nikasema, "Hapana."

Ndugu zangu, nawaambia kweli, wakati ule niliamini. Fundi wa taa akafukuzwa siku hiyohiyo. Kesho yake nikasikiliza mashine yangu ya kurekodi kwa sikio la kushoto. Kumbe wakati wa ajali ilikuwa haijazimwa. Nikamsikia: "Mvute mama! Taa! Mvute!" Mara tatu. Alikuwa upande wangu wa kulia, na upepo ulikuwa ukinivumia sikio la kushoto.

Nikanyamaza wiki sita. Msidhani nilisahau. Kila simu ikiita, nilidhani ni yule fundi.

Sasa, mimi ni mwanachama wa chama cha mafundi wa filamu cha nchi nyingi. Tunakutana kwa simu, tunafundishana kazi. Siku moja tulizungumzia ajali. Mzee mmoja wa India akasema, taratibu tu, "Mimi nina sikio moja, mwaka wa ishirini sasa. Lililotaka kuniua ni kuficha." Nikafungua kipaza sauti nikasema yote, mpaka lile "Hapana" langu.

Hawakunipigia makofi. Dada mmoja wa Uganda akaniuliza, "Huyo fundi wa taa yuko wapi?"

"Yuko kwao, anachuma kahawa."

"Basi anza huko. Masikio tutasaidiana baadaye."

Nikaenda na mashine. Nilimkuta anaanika kahawa, nikamwekea sauti yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa chini. Akasema, "Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba sikupiga kelele."

Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Tulikwenda wote kwa mwongozaji, kisha kwa yule mama. Fundi wa taa akarudishwa kazini, mimi nikatolewa kwenye filamu ile. Ilikuwa haki. Dada wa Uganda akavuka mpaka wa nchi pale Murongo, akakaa nami siku nne akinionyesha jinsi ya kupima sauti kwa macho, kwa kutazama vipimo vya mashine. Mzee wa India alinituma kwa daktari wa masikio, akanifuatilia kila wiki. Sasa nafanya kazi tena, na kila ninayefanya naye namwambia mapema upande nisiosikia.

Nawashukuru hao ambao sijawahi kula nao meza moja. Namshukuru mama yule, aliyenipokea mkono ukiwa bado kwenye plasta. Na ndugu yangu wa taa, aliyekubali kunisalimia.

Mwenye ugonjwa anaouficha kazini, aseme leo, kabla hajamuumiza mwingine. Aibu yake inabebeka. Mimi nimeibeba, na nimesimama.