Shangazi Kipimo na Mkono Aliouomba

Shangazi yetu, ambaye wengi mlimwita Kipimo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili na wa mwisho wa mwashi na mkewe. Alisoma hadi darasa la saba, kisha masista wakamfundisha ushonaji kwa miaka miwili.

Mwaka 1973 alifungua chumba cha kushonea nyuma ya kituo cha mabasi: cherehani moja, meza ya kukatia, kioo chenye ufa. Utepe wa kupimia aliuvaa shingoni kama pambo tu. Alikupima kwa macho tangu mlangoni, akasema, "Kiuno kimeongezeka inchi mbili, baba, na usinibishie."

Tarehe 20 Agosti 1977 aliolewa na dereva wa malori. Hawakujaliwa mtoto. Mumewe alifariki mwaka 1994, na tangu hapo alikula peke yake, kiti kikielekea dirishani. Tulipomwomba ahamie kwetu alijibu, "Mimi si mzigo wa mtu."

Kisukari kilimwanza mwaka 2009, kikafika machoni. Alificha. Pasaka ya 2016 aliishonea kwaya majoho meupe kumi na mawili kwa kupapasa, na kila joho likapata mkono mmoja wa kijani, kutoka kitambaa cha sare za shule. Wanakwaya waliyavaa, wakaimba, wala hakuna aliyemwambia. Mama yangu, wifi yake, ndiye aliyemwendea.

"Wifi, huoni tena, sivyo?"

"Naona kukushinda."

"Haya, nimenyoosha vidole vingapi?"

"Vinne."

"Sijanyoosha hata kimoja."

Alijifungia siku kumi na tisa. Baadaye alitusimulia kwamba siku zote hizo alimdai Mungu macho yake, hadi asubuhi moja maneno yakamwishia. "Nikamwambia, Bwana, nimechoka kushindana na wewe. Chukua mkasi, chukua na mimi." Akalala hadi adhuhuri. Alipoamka alifungua mlango, akamwita mama: "Njoo unishike mkono. Naogopa ngazi."

Kwa miaka sitini na mitano hakuna aliyewahi kumsikia akisema anaogopa.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kwaya, akaomba radhi, akacheka kabla yao. Kisha, kipofu kabisa, akafundisha mabinti tisa kushona, akikagua mishono kwa ncha za vidole. Upweke haukumtoka. Alikiri kwamba jioni zilibaki ndefu mno, ila hakuona tena aibu kutuma mtu aje aketi naye.

Mwezi Mei mwaka huu figo zilishindwa. Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025, saa tisa alasiri, nilimsihi ajikaze.

"Nimejikaza sana, mwanangu," alisema. "Nishike tu, usinivute."

Nikamshika. Akakata roho mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

Ameacha wifi yake, mke wa marehemu kaka yake. Mabinti tisa wa cherehani. Na mimi, binti wa kaka yake. Bwana, ambaye yeye alimkabidhi yote, amlaze kwa amani.