Mama Usikanyage na Bustani ya Mji

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mpendwa wetu, nasimama mbele yenu nikiwa mdogo wake wa kiume, kwa niaba ya shemeji yangu na watoto, kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Usikanyage, jina ambalo mwanzoni lilimkasirisha, baadaye akalizoea, na mwishoni likawa linamuuma.

Dada alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956, katika nyumba za wafanyakazi wa reli za mji huu huu, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa baba fundi bomba na mama mshonaji. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko kuanzia 1963 hadi 1970, akaendelea na sekondari ya wasichana, na mwaka 1977 akapata cheti cha kilimo cha bustani, akarudi nyumbani na begi limejaa miche badala ya nguo, jambo ambalo mama aliwasimulia wageni mpaka siku zake za mwisho.

Tarehe 2 Januari 1978 aliajiriwa na halmashauri ya mji, idara ya bustani na michezo, ambayo wakati huo ilikuwa chumba kimoja, mezani kuna simu isiyolia, na uani kuna mashine ya kukatia majani iliyojua kukohoa kuliko kukata. Tarehe 22 Desemba 1979 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi redio, mtu wa maneno machache, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1981, ambaye leo ni muuguzi, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 11 Februari 1984, ambaye mtaa mzima ulimwita Chenga kwa jinsi alivyowapita wenzake na mpira.

Tarehe 1 Julai 1995 dada akawa mkuu wa idara, akaikuta bustani kuu ya mji ni vumbi tupu, mabembea yamebaki minyororo, kona ya juu imegeuzwa jalala, akaisafisha, akaotesha majani, akazungusha uzio, akapanga saa za kufungua na kufunga, akasimamisha vibao vya Usikanyage Majani kila upande, na kwa kweli ikapendeza, wageni wakawa wanaletwa kuiona, na mkurugenzi wa mji akaisifia kila mkutano utadhani ameimwagilia yeye.

Kilichosahaulika ni kwamba vumbi lile lilikuwa uwanja. Vijana wa mtaa, Chenga akiwa mmoja wao, walicheza pale kila jioni, na Jumamosi moja ya Mei 1998 dada alikwenda mwenyewe na mlinzi kuwaondoa, Chenga akiwa ameukumbatia mpira akamuuliza mbele ya wenzake, "Mama, sasa tukacheze wapi?" naye akajibu, "Hata juu ya paa, lakini si hapa, majani haya yamenitoa jasho." Wenzake walicheka, Chenga hakucheka. Uwanja mwingine uliahidiwa kutafutwa mwaka unaofuata, na kila mwaka ukawa na mwaka wake unaofuata, timu ikahamia kando ya gereji, ikafukuzwa na huko, ikasambaratika, na mwaka 2003 Chenga akaenda kuendesha malori mji wa mbali, akija likizo anaongea na mama yake kama mpangaji anavyoongea na mwenye nyumba.

Mwaka 2009 dada alianzisha michezo ya watoto ya wakati wa likizo, akatafuta walimu, kamba na mipira, akapitisha gari la matangazo mtaa kwa mtaa, na asubuhi ya kwanza wakafika watu watatu, wawili wao wakiulizia choo. Jioni ile alinipigia simu, akaniambia, "Mdogo wangu, nimepanda majani, nimeng'oa watoto." Akapigania uzio uondolewe, ukaondolewa mwaka 2011, vibao vikang'olewa, magoli yakasimamishwa, mazoezi ya wazee ya asubuhi yakapata watu wake na yanaendelea mpaka leo, lakini watoto hawakurudi kama alivyotumaini, kwani wale aliowafukuza walikuwa wameshakuwa wazazi, na hawakuwa wamewazoesha watoto wao njia ya kwenda kule. Alistaafu tarehe 30 Juni 2016, akiwa bado na hilo moyoni.

Mwezi Machi 2021 dada aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa kwa muda mrefu, na Agosti 2023 Chenga aliomba ruhusa kazini akaja kumuuguza. Alasiri moja ya Oktoba alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka bustanini, mimi na shemeji tukifuata nyuma, majani yamestawi, magoli yamesimama bila mtu, dada akamwambia, "Kanyaga, baba, cheza kidogo nikuone," naye akajibu, "Mama, nina miaka thelathini na tisa, magoti yameshastaafu." Dada akacheka mpaka akapaliwa, halafu akamshika mkono, akasema, "Nilikukosea." Chenga akamwambia yameisha, na sisi tuliosikia tunaamini yaliisha, ila hakukuwa na wa kuwarudishia zile jioni.

Dada alifariki tarehe 17 Novemba 2023, saa tisa alasiri, katika wodi ya wanawake ya hospitali ya mji, binti yake akiwa amemshika, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliofua, mliopika na mliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake wa idara, ambao hatuwaombi sanamu wala jina lake langoni, tunawaomba tu, kabla hamjapanga jambo lolote pale bustanini, muwaulize kwanza wanaopatumia.

Dada, ulifanya kazi, ukakosea, ukasema mwenyewe ungali hai, hatuna la kukudai, pumzika sasa kwa amani.