Barua za Delmar Zilizotiwa Sahihi na Arlyn

Marehemu Delmar Gerrit Roelofs alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, katika shamba la wazazi wake, maili tatu magharibi mwa Middelkoop, Iowa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Gerrit na Alida Roelofs. Miaka mitatu baadaye akazaliwa Arlyn, na Mungu hakuwaongezea wazazi hao mwingine. Lipo jambo kati ya ndugu hawa wawili ambalo marehemu alituagiza sisi watoto wake tulisome leo mbele ya jeneza lake. Arlyn, aliyeketi hapa pamoja nasi, ameridhia lisomwe.

Delmar alisoma Shule ya Kikristo ya Middelkoop na kumaliza sekondari Mei 1956. Alipenda historia na uraia, hesabu tuiache. Mwalimu mmoja aliandika katika ripoti yake kuwa sauti yake ni kubwa kuliko hoja zake.

Mwaka 1961 alikabidhiwa shamba, akalima mahindi na soya na kufuga nguruwe kwa miaka arobaini na minne. Tarehe 9 Juni 1962 alifunga ndoa na Geneva Wassenaar katika kanisa hili hili. Mama yetu husimulia kuwa jioni ya kuposwa alizungumziwa habari za kodi ya mashamba saa nzima, hadi akauliza, "Delmar, unanioa au unaniomba kura?"

Wengi wenu mlimjua kwa barua zake katika gazeti la mji. Aliamini kuwa haki za mtu hutoka kwa Mungu, wala si Washington. Aliamini kuwa serikali iliyo karibu huona haya na iliyo mbali haioni. Aliwapigia kura Warepublican maisha yake yote, na kila baada ya uchaguzi, asubuhi yake alianza kuwasuta. "Mbunge akikaa Washington miaka ishirini," aliandika, "si mbunge tena, ni samani."

Gazeti lina sheria yake: mtu mmoja, barua moja kwa mwezi. Aprili 1991 Delmar alikuwa ameshatumia yake, na wiki ile ile akaja ofisa wa serikali kuu akapima dimbwi katika shamba lake, akasema ni ardhi oevu inayolindwa na sheria, akamwambia asipalime tena mahali hapo. Delmar alimwendea Arlyn, aliyekuwa fundi wa matrekta na mtu wa maneno machache.

"Jina lako lina kazi gani mwezi huu?"

"Limepumzika tu, kaka."

"Basi nipe, nilitumie."

Delmar akaandika barua juu ya dimbwi lile, Arlyn akaitia sahihi, na gazeti likaichapa. Jumatatu iliyofuata, saa tatu na nusu asubuhi, wakulima walipokusanyika kunywa kahawa kwenye ghala la ushirika, mmoja wao, Verlan Kuiper, alisimama akampa Arlyn mkono.

"Arlyn, kumbe una kichwa namna hii! Ulikificha wapi? Kaka yako hufoka. Wewe unafundisha!"

Watu wakacheka. Delmar naye alicheka, ila kahawa yake akaiacha nusu kikombe.

Angeweza kuishia hapo, lakini maneno yalimjaa na mwezi ulikuwa na barua moja. Kwa miaka mitano aliandika mbili kila mwezi: moja yake, moja ya Arlyn. Kila mara ya Arlyn ilikatwa na kubandikwa kwenye majokofu ya watu, na ya kwake ikafungiwa mayai. Aliona wivu juu ya maneno aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe, na hakuwa na mtu wa kumshtakia. Nyumbani alimuuliza mama, "Geneva, hii ya Arlyn ina nini ambacho yangu haina?" Mama alijibu, "Muulize aliyeiandika."

Februari 1996 majirani walikutana katika ukumbi wa shule kwa mkutano wa chama cha Republican, ule wa kila miaka minne, kusema nani anafaa kuwa rais na kuchagua wajumbe. Delmar hakuwahi kukosa mkutano huo tangu 1976, na kila mara alitamani kutumwa mbele kama mjumbe. Safari hii, kwa ajili ya barua zile, walimchagua Arlyn. Kufikia Juni Arlyn alikuwa Des Moines, mji mkuu wa jimbo, amevaa beji kifuani kwenye mkutano wa jimbo, na Delmar alikuwa akipalilia soya. Baada ya hapo Delmar hakuandika tena kwa jina la Arlyn, wala hakuketi naye kanisani. Alihamia safu tatu mbele, na zile peremende ambazo ndugu hawa walipeana wakati wa mahubiri tangu utoto zikakoma. Miaka ishirini walisalimiana kama wageni.

Novemba 2016 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Mkono ukashindwa kalamu. Jumanne moja Arlyn aliingia bila kubisha hodi, akavuta kiti, akafungua daftari.

"Sema, nitaandika."

"Ili useme ni zako?"

"Kaka, zile zilikuwa nzuri kwa sababu ulijua mimi ndiye nitakayejibu watu pale ghalani. Ulinihurumia, ukaandika kwa upole. Za kwako hukumhurumia mtu."

Marehemu alimwomba mdogo wake msamaha, wakaomba pamoja. Arlyn alikuja kila Jumanne tangu siku hiyo, na barua zote zilitoka kwa jina la Delmar.

Siku kumi kabla ya kufariki alituagiza tuseme ukweli leo. Arlyn alikubali, akamtania: "Watakusifu sana wakisikia, kaka. Ila hutakuwepo."

"Wewe utakuwepo," marehemu alijibu. "Hilo ndilo linaloniuma."

Wakacheka hadi mama akaja kuwanyamazisha. Delmar aliitwa na Bwana wake nyumbani, alfajiri ya tarehe 3 Oktoba 2019, akiwa na miaka 81. Ameacha mjane, Geneva, watoto wawili, Marla na Bryce, wajukuu watano, na mdogo wake, Arlyn. Baada ya maziko tunawakaribisha nyote katika ukumbi ulio chini ya kanisa kwa mikate ya nyama na kahawa. Mwenye neno zuri juu ya barua zile, tafadhali ampe Arlyn, alipokee kwa niaba ya kaka yake.

Bwana ampumzishe Delmar kwa amani, pasipo kinyongo.