Papa Polycarpe Cirhuza na Jiwe Lililohama

Marehemu Papa Polycarpe Cirhuza alizaliwa Kalehe tarehe 12 Machi 1921, saa kumi na moja alfajiri. Saa hiyo aliitaja mwenyewe kila mara, maana hakupenda jambo lisemwe nusunusu. Alisoma shule ya misioni hapohapo, na hesabu ndiyo iliyompendeza.

Mwaka 1943 aliingia ofisi ya viwanja hapa Bukavu, akaupima mji huu kwa mnyororo hadi alipopata pensheni, 1979. Tarehe 7 Agosti 1948 alifunga ndoa na Maman Adolphine Nsimire. Mungu akawapa watoto wanne, wa kwanza Bulonza.

Pasaka ya 1972, baada ya misa, alimsimamisha padri wetu, Abbé Cyprien, mlangoni mwa kanisa.

“Abbé, mukate inaacha kuwa mukate ku neno gani? Unionyeshe mupaka.”

“Papa Polycarpe, mupaka siijue. Mimi napiga magoti tu.”

“Basi nitangojea mwenye kuijua.”

Akangojea miaka kumi na moja. Kila Jumapili alibaki kwenye benchi, mke wake akienda peke yake kukomunika, kupokea mkate ule, na kurudi macho chini.

Mwezi wa Mei mwaka huu, ini likiwa limeanza kumsumbua, alitaka kuwaachia watoto kiwanja cha nyumbani kwao Nyalukemba chenye karatasi safi. Akapima mara tatu. Jiwe la mpaka, alilolizika kwa mikono yake, lilikuwa limeshuka hatua mbili kuelekea ziwani, pamoja na mteremko mzima na nyumba juu yake. Akaugombeza mnyororo. Maman Adolphine alicheka hata akakaa chini.

“Papa Bulonza! Miaka yote hii tunalala mu nyumba yenye haujue iko fasi gani?”

Akaukunja mnyororo. Kisha akasema, “Na tulilala muzuri, maman.”

Jiwe hakulirudisha. Jumapili iliyofuata alisimama mstarini nyuma ya mke wake. Abbé Cyprien alipomwona alisita, akingoja swali. Papa Polycarpe alifungua kinywa tu, akapokea.

“Swali haikuisha,” alimwambia mkewe njiani. “Nimeenda nayo vile vile.”

Aliaga dunia nyumbani, Jumapili tarehe 9 Oktoba 1983. Asubuhi hiyo Bulonza alimwuliza kama anaogopa.

“Fasi naenda siijue,” alisema. “Lakini nitalala muzuri.”

Ameacha mjane, Maman Adolphine. Watoto Bulonza, Yolande, Placide na Anne-Marie. Na wajukuu kumi na mmoja.

Basi, alale vizuri, hapo alipo.